Baba wa Miaka 17

(Muziki wa kufungua unashuka polepole.)

Popote ulipo, kuanzia Kakuma 1 mpaka Kakuma 4, na wewe ndugu yetu wa Kalobeyei, na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio ya nyumbani imekosa betri, karibu. Leo sina mgeni hapa studio. Nina barua tu, na barua hiyo imenizungusha wiki nzima nikiuliza maswali.

Imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la hisabati. Mwenye barua ameniruhusu niisome, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Anasema hivi:

"Kaka mtangazaji, shikamoo. Nina miaka 17, niko Kidato cha Pili. Msichana mmoja wa blok ya jirani amejifungua mtoto wangu. Yeye ana miaka 16. Mtoto ana wiki saba sasa, ni wa kiume. Wazazi wa msichana wamesema nisikanyage kwao mpaka tulipe. Baba yangu naye anasema mimi ni mtoto, na mtoto hawezi kuwa na mtoto, kwa hiyo ninyamaze nisome. Kwenye karatasi ya kliniki, pale pa jina la baba, pako wazi. Naomba kuuliza, mimi ni baba au siyo baba?"

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Kila nikifika kwenye swali la mwisho namkumbuka mtu mwingine, na nitamtaja baadaye. Kwanza tumjibu kijana.

Wewe ni baba.

Nilidhani nitapata jibu refu kuliko hilo. Sheria za Kenya zimeweka umri kwenye mambo mengi. Kuoa ni miaka 18, kulingana na Sheria ya Ndoa ya 2014, na hapo hakuna mlango wa nyuma, hata wazazi wakikubali. Kupiga kura ni 18. Lakini ukitafuta umri wa kuanza kuwa baba, hauko. Mtoto akizaliwa ana wazazi wawili. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza, wawe wameoana au hawajaoana. Haikuongeza "ikiwa baba ametimiza miaka 18". Haikuongeza "ikiwa baba amelipa mbuzi".

Zamani haikuwa hivyo. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema kwamba wazazi wasipooana, jukumu la kwanza ni la mama peke yake, na baba anaingia kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama. Wanaume wengi walijificha nyuma ya sheria hiyo. Wengine waliotaka kulea walifungiwa mlango na sheria hiyo hiyo. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2013, halafu ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo ndiyo inatumika leo. Hii inasema wazazi wana jukumu sawa, na hakuna kati yao mwenye haki iliyo juu ya mwenzake.

Wazee wangu kutoka Kongo mnaonisikiliza, hili kwenu si geni sana. Sheria ya Familia iliyotungwa mwaka 1987, bado tukiitwa Zaire, iliandika kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na kwamba hakuna ruhusa ya kumpuuza mtoto wako, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Najua wengi wetu hatukuwahi kuiona sheria hiyo kijijini. Tuliona desturi. Na desturi ya upande wetu inasema kijana akimpa msichana mimba, familia yake ilete faini kwanza, na mahari isipotoka, mtoto anabaki wa ukoo wa babu yake mzaa mama. Siidharau desturi. Imepatanisha familia nyingi ambazo zingepigana mapanga. Lakini hapa tulipo, faini haimfanyi mtu kuwa baba na kukosa faini hakumwondolei ubaba. Kadi ya chakula haina mahali pa kuandika mbuzi.

Sasa kuwa baba maana yake ni nini, kwa kijana ambaye hana hata bei ya sabuni?

Sheria inaanza na wajibu. Chakula, nguo, mahali pa kulala, matibabu, shule, kumwongoza mtoto. Najua kuna kijana anasikia orodha hiyo na anataka kuzima redio. Usizime. Mahakama ikiamua matunzo hutazama uwezo wa kila mzazi. Kijana wa shule anayeishi kwa posho hawezi kudaiwa kama mwenye duka. Ila asidhani uwezo mdogo ni sawa na bure. Nilizungumza na msichana mmoja, siyo huyu wa kwenye barua, ambaye alijifungua akiwa na miaka 16 na sasa ana 19. Nilimuuliza alitaka nini kwa baba wa mtoto siku zile. Aliwaza kidogo akasema, "Yaya, maji tu. Angeniletea maji." Bomba lao lilikuwa mbali, foleni ndefu, na yeye alikuwa na mshono. Akaongeza, "Wazazi wangu walimfukuza mara moja tu. Yeye akachukulia kwamba ni milele."

Ndiyo, alifukuzwa. Wazazi wa wasichana, nafika kwenu sasa hivi.

Baada ya wajibu, sheria inataja haki za mzazi. Kushiriki kumchagulia mtoto jina. Kumfundisha dini na tabia. Kuamua mambo ya matibabu yake. Kuruhusu au kuzuia mtoto ahamishwe ndani ya Kenya au atolewe nje ya nchi. Na moja ambayo sikuitegemea kabisa, ambayo ni kumzika mtoto akifariki. Sheria imeiandika. Nilipoisoma nilinyamaza, kwa sababu wote tunajua watoto wachanga wanavyokufa hapa wakati wa malaria, na najua kijana mmoja aliyesimama nje ya uzio wa miiba akiangalia watu wengine wakibeba jeneza dogo la mwanawe kwenda makaburini. Aliambiwa hana lake pale.

Hebu nirudi kwenye suala la kusafiri, maana hapo ndipo namkumbuka yule mtu wangu.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa na rafiki, tulikaa dawati moja. Alikuwa hodari wa kemia kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Msichana wake alipopata mimba, kaka za msichana walimtafuta kwa fimbo. Akaondoka usiku, akavuka laga, akapanda lori la kwenda Lodwar. Alikaa huko karibu mwaka akisukuma mkokoteni. Aliporudi, mtoto alikuwa anatambaa. Hakuthubutu kwenda pale nyumbani, alikuwa anamwona mtoto kanisani tu, kwa mbali, mgongoni mwa bibi yake. Miaka ikapita. Familia ya msichana ikaitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu, ikafaulu, ikaondoka. Mtoto naye akaondoka. Rafiki yangu alisikia habari siku mbili baada ya ndege.

Alipokwenda kuuliza ofisini, hakutukanwa. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti. Wakamuuliza swali moja tu: "Una karatasi gani?" Alitoa simu akawaonyesha picha. Picha ya mtoto akiwa mgongoni mwa bibi yake, imepigwa kutoka mbali, mtoto haonekani uso.

Leo ana miaka 25, anaendesha boda. Ana mtoto Marekani ambaye kwenye karatasi hana baba.

Msikilizaji, wakati mtoto anasafirishwa na mzazi mmoja, UNHCR huwa wanauliza mzazi wa pili yuko wapi, na kama yuko, anasemaje. Wanaangalia maslahi ya mtoto kabla hajatenganishwa na mzazi anayebaki. Lakini hawawezi kumuuliza mtu ambaye jina lake haliko popote. Panapotakiwa jina la baba pakiwa wazi, na mama akasema hayuko, safari inaendelea.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kijana aitumie haki hiyo kama rungu, amwambie msichana "huendi popote bila mimi". Maamuzi yanatazama mtoto atanufaika na nini, na mara nyingi mtoto mdogo atakaa na mama yake. Haki ya baba juu ya mtoto si haki juu ya mama. Hapewi mke. Haruhusiwi kumfuata bombani, kumtishia au kumlazimisha. Na kama mimba ilitokana na kumlazimisha, hapo tuna hadithi nyingine kabisa, na hadithi hiyo inaanzia hospitali na dawati la jinsia la polisi, haianzii kwenye jina la baba.

Na kwenu wanaume wa miaka 24, 28, 35 mnaotikisa vichwa mkidhani kipindi hiki kinawasemea. Hakiwasemei. Mtu mzima aliyempa mimba msichana wa miaka 16 ana kesi inayobeba kifungo kisichopungua miaka 15. Mtoto atakayezaliwa ana haki ya kutunzwa naye, lakini hilo haliifuti kesi.

Hapo sasa tumegusa kitu kinachowafanya vijana wengi wakimbie. Nitasema polepole.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa ya kufanya mapenzi. Kosa linaitwa unajisi. Sheria hiyo haikuacha nafasi maalumu kwa watoto wawili wa umri mmoja waliopendana. Kwa hiyo mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16 wakikutana, anayekamatwa kwa kawaida ni mvulana. Na mtoto akizaliwa, yule mtoto mwenyewe anakuwa ushahidi. Kijana anajiuliza, nikienda kuandika jina langu, je, nimejiandikia kesi?

Sitamdanganya mtu. Inawezekana. Kuandika jina kwenye hati ya mtoto kunaweza kusomwa kama kukiri. Mahakama zenyewe hazijasema kwa sauti moja. Mwaka 2014 kule Eldoret, mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa ajili ya msichana wa miaka 16 alilalamika kwamba sheria inambagua, na Mahakama Kuu ikamkatalia. Mwaka 2017 kule Homa Bay, Mahakama Kuu ikasema kumshtaki mvulana peke yake wakati wote wawili ni watoto ni kumbagua. Hukumu mbili, na kijana wa Kakuma hajui atakuta ipi.

Ila kuna mambo ambayo si ya kubahatisha. Mshtakiwa wa chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya mahakama. Hahukumiwi kifungo cha jela kama mtu mzima. Ile miaka 15 au 20 tunayotishiana nayo bombani si yake. Anaweza kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa kwenye taasisi ya kurekebisha vijana, kama zile za Shimo la Tewa na Shikusa, na hilo nalo si dogo, ni kuondolewa shule na nyumbani. Ana haki ya wakili. Hatakiwi kuwekwa seli moja na watu wazima.

Kwa hiyo ushauri wangu, na nimeuliza watu wanaojua kuliko mimi kabla ya kuusema: usikimbie, na usiende peke yako. Kabla ya kwenda kwa msajili, kabla ya kwenda polisi, kabla hata ya kuweka sahihi kwenye karatasi ya wazee wa blok, onana na ofisi ya msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi kwa jina, na inawataja watoto, kati ya wanaostahili kusaidiwa bila kulipa. Wewe ni vyote viwili. Nenda na mtu mzima unayemwamini. Kwa kesi za madai, kijana wa chini ya miaka 18 hasimami mahakamani peke yake, anasimamiwa na mtu mzima. Baba yako akikataa, shangazi anaweza, mjomba anaweza. Mwalimu anaweza kukusindikiza ofisini.

Nimetaja karatasi ya wazee. Wazee wangu, mnisamehe kijana wenu. Mmekuwa mkimaliza mambo haya chini ya mti kwa kuandika "tumepatana, kesi imekwisha". Upatanisho wa familia ni kazi yenu na mnaijua. Lakini kesi ya unajisi si mali ya familia. Ni ya serikali, na hakuna kikao cha blok kinachoweza kuifuta. Nimeona karatasi ambapo kijana ameweka dole gumba kwamba ndiye aliyefanya, amelipa shilingi kadhaa, na anadhani amenunua amani. Karatasi hiyo hiyo ikatolewa baadaye wakati familia zilipokosana kuhusu kitu kingine, nadhani ilikuwa mlango wa mabati. Msimwandikishe mtoto kukiri bila wakili.

Sasa wazazi wa msichana. Mama, baba, naelewa hasira. Binti yako alikuwa aende Kidato cha Tatu na sasa ananyonyesha. Ulimtoa Fizi au Uvira ukimbeba mgongoni, hukumtoa ili aje apate mimba Kakuma. Una haki ya kwenda polisi na hakuna anayeweza kukuzuia. Una haki ya kusema kijana asilale kwako. Lakini tazama jambo moja. Unapomfungia kijana mlango usiku na mchana, na kumkataza binti asitaje jina lake kliniki, unamwondolea mjukuu wako mtu mmoja wa kumdai. Mjukuu akiwa na miaka sita na kaptula ya shule haipo, utamdai nani? Niliongea na bibi mmoja wa Kakuma 2 aliyefanya kinyume. Alimwita kijana, akamtukana kwa nusu saa mpaka majirani wakatoka nje, halafu akamkabidhi ndoo. "Nilimwambia, matusi yangu yameisha leo," alinisimulia, "lakini maji hayaishi."

Na wazazi wa mvulana. Baba wa kijana aliyeniandikia, kama unasikia: ulichosema kina nusu ya kweli. Mwanao ni mtoto. Bado anastahili chakula chako, ulinzi wako na shule. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto katika Kifungu kile kile cha 53, na kuwa baba hakumfuti kwenye rejista ya darasa. Wapo vijana wanaoacha shule wakidhani uanaume ni kwenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Pesa hiyo haifiki hata kwa mtoto, inaishia kwenye chai na chapati. Lakini kumwambia anyamaze, hapo ndipo nusu nyingine inapokosekana. Unamwona kama mtoto aliyeharibu. Kuna mtoto mwingine wa wiki saba, na huyo ni mjukuu wako, hata kama hujamwona.

Tuje kwenye karatasi yenyewe, maana kijana aliuliza kuhusu ile nafasi iliyo wazi.

Mtoto akizaliwa hospitali, mama anapewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Hiyo si cheti, ni karatasi ya kuombea cheti. Kuandikisha kizazi kunatakiwa kufanyika ndani ya miezi sita. Ikipita hapo bado inawezekana, ila inakuwa ni kuandikisha kwa kuchelewa, na maswali yanaongezeka. Mtoto wa mkimbizi anapata cheti cha kuzaliwa kama mtoto yeyote aliyezaliwa Kenya. Hakimpi uraia, na wengi wanakidharau kwa sababu hiyo. Msikidharau. Ndicho kinachosema mtoto ni nani, amezaliwa lini, na wazazi wake ni akina nani. Tofauti na manifesti, mtoto atabaki nacho popote atakapokwenda.

Kuhusu jina la baba, sheria ya zamani ya usajili ilisema kwamba kama wazazi hawajaoana, jina la baba haliandikwi mpaka mama na baba waombe pamoja. Mama mmoja alipeleka jambo hilo Mahakama Kuu Nairobi, na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu kinawabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mtoto ana haki ya jina na haki ya kujulikana baba yake. Hata hivyo, njia nyepesi bado ni ile ile, yaani wote wawili mkubaliane na mfike pamoja. Kama mama anakubali lakini familia yake inakataa, hapo ndipo wakili na afisa wa watoto wanapoingia. Kama mama anakataa, au kijana ndiye anayekana, mahakama ya watoto inaweza kusikiliza na inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Nataja DNA mwishoni kwa makusudi, maana kuna watu wanaanza nayo kwa maneno ya mdomoni, "tutapima", ili kumwaibisha msichana. Kama huna shaka usiitaje.

Nilimuuliza pia mfanyakazi mmoja wa ulinzi wa watoto kuhusu kadi ya familia. Mtoto huingizwa kwenye kadi ya mama, mara nyingi hiyo ni kadi ya wazazi wa mama, na kijana anabaki kwenye kadi ya wazazi wake. Hilo haliharibu kitu. Kadi mbili tofauti si wazazi wawili waliokanana. Kinachotakiwa ni kwamba kwenye faili la mtoto, na kwenye faili la kijana, ijulikane kwamba hawa ni baba na mwana. Wazazi wakiwa wenyewe ni watoto, mfanyakazi wa ulinzi wa watoto hukaa na kila mmoja wao peke yake kabla chochote hakijaandikwa. Msichana anaulizwa bila mama yake kusimama mlangoni. Kijana naye vivyo hivyo. Niliposikia hilo nilimfikiria rafiki yangu wa dawati moja. Kikao cha nusu saa, miaka minane iliyopita.

Kuna mmoja atasema, mtangazaji unawahimiza vijana wazae. Nimeshaambiwa hivyo na mzee mmoja nilipokuwa natafuta maoni, na alisema kwa sauti. Nilimjibu kwa heshima kwamba mtoto wa wiki saba hasubiri tumalize kubishana kama alipaswa kuzaliwa. Mada ya kuzuia mimba tunayo mwezi ujao, pamoja na muuguzi, na mzee nimemwalika. Hajasema ndiyo.

Sasa wewe wa daftari la hisabati. Hukuandika namba ya simu, lakini uliyemtuma alete barua tunamfahamu, na nimemwachia ujumbe. Ofisi ya msaada wa kisheria imekubali kukuona Alhamisi asubuhi, na wamesema hawataandika kitu mpaka wakueleze kinachoweza kutokea, kizuri na kibaya. Njoo na shangazi yako. Usije na sare ya shule, watu wa foleni wana maswali mengi. Muombe mama wa mtoto, kupitia dada yake kama mlango bado umefungwa, akupe picha ya ile karatasi ya kliniki, pande zote mbili, picha isiyo na kivuli. Kama hataki kutoa, usimlazimishe, njoo hivyo hivyo.

Mtoto ana wiki saba. Miezi sita inaisha kabla ya mitihani yako ya mwisho wa mwaka. Na kwenye barua hukusema anaitwa nani.

(Muziki wa kufunga.)